Maziwa ya Wamuyu

Kanja, Embu
Jumanne, 14 Julai 2020

Mwanangu mpendwa Wamuyu,

Njuki jirani alikuja mbio jana na simu mkononi. Akasahau tena kwamba mimi sisikii, akanipigia kelele hadi kuku wakatoroka uani. Mwishowe akaokota kijiti akaandika kwenye vumbi: MVULANA. WOTE WAZIMA. Niliketi pale pale mlangoni nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kwa hiyo mmempa jina la marehemu baba wa mumeo Mwiti. Vyema. Mama mkwe wako amepata Mithika mwingine ndani ya nyumba, na huyu angalau hatagombana naye kuhusu chumvi.

Nilikuwa nimefunga begi. Nimelifunga tangu Juni, Wamuyu. Lakini Mwiti amemwambia Njuki nisithubutu kutoka, ati ugonjwa huu unawatafuta wazee, na mimi na kifua changu hiki nitakuwa wa kwanza. Nimelifungua begi, nikavirudisha vitu kabatini kimoja kimoja.

Basi tuandikiane. Simu kwangu ni bure tangu masikio yafe, na zile herufi za ujumbe ni ndogo kuliko mbegu za terere, mchicha wetu. Dereva Bundi anapeleka kabeji huko kwenu Maua kwa pikapu yake kila Jumanne na Ijumaa, na ameniahidi kwamba barua zetu hatazilowesha. Andika kwa Kiswahili kama nilivyokuzoesha, ili Mwiti naye asome. Kiembu changu kitamshinda.

Sasa nisikilize. Maziwa ya kwanza, yale ya manjano, mazito, usiyakamue ukayamwaga. Wako watakaokuambia ni uchafu. Mpe mtoto yote, hata yakiwa matone. Nimekutumia maharagwe ya njahi na unga wa wimbi. Kula, lala, mnyonyeshe. Kazi nyingine waachie wenye nyumba.

Mimi mama yako,
Marigu


Maua
Ijumaa, 24 Julai 2020

Mama yangu,

Njahi imefika, nimeila siku nne mfululizo, na Mwiti anasema nyumba yote sasa inanukia matanga na ndoa kwa pamoja. Asante.

Mithika ana nywele nyingi na hasira nyingi. Mama Mwiti anamwita "mume wangu". Akilia, anamwambia, "Tulia, mume wangu, nakuja, mimi si wa kupigiwa kelele." Ukimwona na huyo mtoto utampenda.

Lakini mama, mbona hakuna aliyeniambia kwamba kunyonyesha kunauma hivi? Maziwa imekuja siku ya tatu, na kabla ya hapo nilidhani mimi ni mkavu. Sasa chuchu zimepasuka. Nikimwona anafungua mdomo nakunja vidole vya miguu. Pale wodini tulitolewa baada ya saa chache ili tusijazane. Yale masomo ya akina mama yaliyokuwa yakifanywa kliniki yamesimamishwa kwa sababu ya korona. Kuna Nesi Sharifa tu, ambaye alituachia nambari yake tumpigie, lakini naona haya kumpigia mtu simu nikamwelezea matiti yangu.

Mama Mwiti anasema mtoto hashibi, tumwongezee maziwa ya ng'ombe kidogo. Nimekataa kwa adabu mara tatu. Sijui nitaweza mara ya nne.

Wewe ulifanyaje nilipokuwa mchanga? Niambie vile ulivyofanya, nifanye hivyo hivyo.

Binti yako,
Wamuyu


Kanja
Jumanne, 28 Julai 2020

Wamuyu wangu,

Maziwa YAMEKUJA. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na binti yangu mwenyewe ananiandikia "maziwa imekuja". Nikakuona hapo ulivyokuwa darasa la tatu, soksi moja juu, moja chini.

Kuhusu maumivu. Mtoto akishika chuchu peke yake ataitafuna na hatapata kitu. Usimpelekee titi, mlete yeye kwenye titi. Tumbo lake liguse tumbo lako. Gusa mdomo wake wa juu kwa chuchu, ngoja afungue kinywa kama anayepiga miayo, ndipo umvute kwa haraka, kidevu kitangulie. Kinywa kikijaa, na ile sehemu nyeusi ikaingia, hutakunja vidole. Ikiuma, ingiza kidole chako kidogo pembeni mwa mdomo wake, mtoe, muanze upya. Hata mara kumi.

Baada ya hapo kamua tone moja, upake palipopasuka, uache pakauke.

Na usihesabu saa. Akitaka, mpe. Titi linalonyonywa ndilo linalojaa. Ukimwongezea maziwa ya ng'ombe, atashiba huko, atakunyonya kidogo, na wewe utatoa kidogo. Hivyo ndivyo wengi wanavyokauka halafu wanasema walizaliwa wakavu.

Nesi Sharifa mpigie. Haya ni ya mgeni, na yeye ameshaona matiti mengi kuliko soko la Maua lilivyoona ndizi.

Wewe ulikuwa mtoto mnene na mwenye sauti. Terere zimestawi mwaka huu.

Mama


Maua
Jumanne, 11 Agosti 2020

Mama mpendwa,

Sisi wazima. Mithika anaendelea. Mama Mwiti ananisaidia sana na mtoto, sijui ningefanyaje bila yeye. Mji umetulia, tangu ndege za miraa za kwenda Somalia zisimame hata yale magari ya alfajiri yamepungua. Mimi nimeacha kushona barakoa kwa muda, nimepumzika kidogo.

Usije, mama. Tafadhali. Hata ukisikia nini.

Barua hii nimemwambia Bundi aiweke kwenye karatasi ya nailoni. Ikifika, usiishike kwanza. Ianike juani siku moja ndipo uisome.

Wako,
Wamuyu


Kanja
Ijumaa, 14 Agosti 2020

Wamuyu,

Nimeanika mahindi, nimeanika mihogo, nimeanika hata kofia ya baba yako ilipoanguka kwenye mtaro. Barua sijawahi. Niliiweka juu ya mkeka nikaketi mbele yake kuanzia asubuhi, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo nilivyojua.

Halafu nikaisoma. Mistari yako inashuka kama inayoteremka kwenda mtoni. Umeandika mtoto "anaendelea". Hukuandika ananyonya. Barua iliyopita ilikuwa matiti kuanzia mwanzo hadi mwisho, hii haina hata moja.

Mimi ni kiziwi, sijawa kipofu. Niambie.

Mama


Maua
Jumanne, 18 Agosti 2020

Mama,

Nina korona. Nimeshasema.

Ilianza na homa, kisha njahi zikaungua mbele yangu bila mimi kusikia harufu yoyote. Mwiti ndiye aliyekuja kuzima moto. Tulipimwa sote. Mwiti na mama yake hawana. Mimi ninayo. Hospitali wameniambia nijitenge hapa nyumbani, niko chumba cha nyuma. Sikohoi sana sasa, ni uchovu tu, naandika nikiwa nimelala. Usilie.

Mtoto hawamleti kwangu. Ni siku kumi leo.

Hakuna aliyeninyang'anya, nataka ulijue hilo. Mama Mwiti alisimama mlangoni, leso imefunika pua, akasema huku machozi yanamtoka: "Nilimzika Mithika mmoja. Huyu usiniue naye, mwanangu. Nipe nikutunzie." Nikampa. Ningemkatalia kwa neno gani?

Anampa maziwa ya ng'ombe, nusu maji, kwa chupa. Kati yetu ni ukuta wa mbao tu. Akilia, maziwa yangu yanamwagika yenyewe, gauni linalowa mpaka kiunoni, na mimi nakaa nikitazama ukuta. Hiyo ilikuwa mwanzoni. Sasa akilia yanatoka kidogo tu. Juzi hayakutoka kabisa. Nakamua asubuhi kwenye kikombe, halafu namwaga, maana hakuna anayethubutu kukipokea.

Na mtoto anaharisha, mama. Siku ya nne. Mwiti ananiambia ni kidogo, lakini nasikia sauti yake jinsi ilivyopungua. Hasira yake imeisha.

Nilimpigia Nesi Sharifa. Anasema mpaka sasa hawajaona ugonjwa huu ukipita kwenye maziwa, ati ninyonyeshe nikiwa nimevaa barakoa, nimenawa mikono kwa sabuni, dirisha wazi. Mama Mwiti hataki kusikia. Na mimi, nikwambie ukweli, nusu yangu inaamini nesi na nusu inaogopa. Je, nikimpumulia akafa? Nani atanisamehe? Mimi mwenyewe sitajisamehe.

Wewe unajua haya mambo. Niambie la kufanya, nami nitafanya.

Wamuyu


Kanja
Jumatano, 19 Agosti 2020

Mwanangu,

Mtoto anayeharisha hangoji pikapu ya Ijumaa. Kabla sijashika kalamu nimekwenda kwa Njuki, nikamwandikia kwenye daftari la watoto wake maneno ya kumwambia Mwiti kwa simu, na nikasimama mbele yake mpaka akamaliza kuyasema. Kwanza mtoto apelekwe akaonwe leo. Pili Nesi Sharifa aombwe aje mwenyewe azungumze na Mama Mwiti uso kwa uso, awe nje na barakoa yake. Jambo kama hili mtu halikubali kwa kuletewa habari na mkwe mgonjwa kutoka nyuma ya mbao. Njuki amenionyesha dole gumba. Naomba Mungu iwe ni kweli.

Sasa nitakuandikia lile uliloniuliza Julai, nami nikakujibu habari za terere.

Mimi sikukunyonyesha, Wamuyu.

Ulikuwa na siku mbili tu. Nilikuwa natema damu. Wakasema ni kifua kikuu, nikalazwa wodi ya mbali, na mtu mmoja mwenye koti jeupe akaniambia maziwa yangu ni sumu kwako. Bibi yako akakubeba. Akakulea kwa maziwa ya mbuzi, ukanenepa, Mungu amrehemu. Nilijifunga kitambaa kifuani, nikakikaza kila asubuhi mpaka pakawa pakavu kama ubao. Sikumuuliza yule mtu swali hata moja. Mimi, mwalimu. Niliogopa kuonekana mama asiyempenda mtoto wake.

Niliporudi baada ya miezi mitano ulinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kuuza masufuria. Ukamshika bibi yako shingoni. Nikaingia jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Miaka mingi baadaye alikuja nesi shuleni kuchanja watoto, nikamuuliza kama kwa mzaha. Akaniambia dawa zikishaanza kufanya kazi mama anaweza kunyonyesha. Nikarudi darasani nikawaambia watoto wasome kimya hadi kengele.

Haya yote niliyokuandikia, mambo ya kidevu na tumbo kwa tumbo, nimeyapata kwa kutazama wanawake wengine. Kanisani, sokoni, kwenye mikutano ya wazazi. Niliwatazama hadi wengine wakadhani nina kijicho. Huenda nilikuwa nacho. Nilifikiri nikijifunza vizuri, siku moja nitakufundisha wewe, na hutajua kwamba ni mitumba.

Kwa hiyo sina cha kukuamuru. Sijui dawa, na ugonjwa huu hata wenye kuujua wanaujifunza bado. Ninachojua ni kimoja tu: uliza. Muulize Sharifa yote unayoyaogopa, hata yale ya aibu, na jibu lisipokutosha, uliza tena, likikutosha, lifuate. Na hicho kikombe cha asubuhi usikimwage bila kuuliza. Endelea kukamua mara nyingi uwezavyo, mchana wote, hata kisipotoka kitu. Titi halijui habari za korona. Linajua kwamba linaitwa au haliitwi.

Usimchukie Mama Mwiti. Msomee barua hii yote, na ile sehemu yangu pia. Nimechoka kuificha.

Nakupenda, na nilikupenda pia nikiwa kule wodini.

Mama yako,
Marigu


Maua
Jumanne, 1 Septemba 2020

Kwa Mama Wamuyu, mkwe wangu,

Naandikiwa na Mwiti. Mimi nasema kwa Kimeru, yeye anageuza. Nimemwambia asiongeze utamu.

Mtoto alipelekwa siku ile ile Njuki alipotupigia simu. Walimpa dawa ya maji ya chumvi na sukari, na ile ya vidonge vya kuyeyusha, na wakanigombeza kuhusu chupa. Alikuwa na kilo tatu na nusu. Kabla ya hapo alikuwa na nne. Nilirudi nyumbani nimembeba, naona barabara kwa shida.

Kesho yake yule nesi akaja. Alisimama karibu na lango, mimi nikasimama mlangoni, tukawa tunazungumza kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Nikamuuliza: "Huyu mtoto akifa, utakuja wewe kumzika?" Hakukasirika. Akasema: "Mama, nitakuja kila siku kumpima, ili tusifike huko." Nikamuuliza pumzi ya mama je. Akasema ndiyo maana ya barakoa. Nikamuuliza jasho, nikamuuliza machozi, nikamuuliza nguo. Nimemuuliza maswali mpaka jua likawa utosini. Kila moja alijibu, na asilolijua akasema hajui. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Watu wote mwaka huu wanajua kila kitu.

Ijumaa barua yako ilipofika, Wamuyu alinisomea kupitia ukutani. Ukuta wetu ni mbao, unapitisha maneno vizuri. Alipofika pale kwenye masufuria nilimwambia asimame kidogo.

(Hapa Mama anafunga upya leso yake. – Mwiti)

Basi nikamwogesha mtoto, nikamvalisha, nikagonga mlango wa nyuma. Wamuyu alikuwa amevaa barakoa mbili na amenawa mikono mpaka imekuwa myekundu. Nikamwambia, "Mchukue mume wangu. Anakutaka wewe." Nilitaka kumwambia maneno mengine lakini hayo ndiyo yaliyotoka.

Sitakudanganya kwamba mambo yalikuwa rahisi. Mtoto alikataa. Aliizoea chupa, akageuza uso, akapiga ngumi. Wamuyu alilia, nami nikalia upande wangu. Nesi akasema asilazimishwe, alazwe tu kifuani, ngozi kwa ngozi. Na maziwa ya kikombe, yale yaliyokuwa yanamwagwa, nilimpa mimi kwa kikombe kidogo cha dawa, funda kwa funda, kila mara. Siku ya kwanza yalifunika chini ya kikombe tu. Siku ya tatu yalifika nusu.

Siku ya tano nilikuwa uani napepeta maharagwe. Nikasikia analia, kisha akanyamaza ghafla. Nikakimbia, ungo ukaanguka huko. Nilipofungua mlango, Wamuyu alinionyesha kwa mkono nisiseme. Mtoto alikuwa ananyonya. Masikio yake yalikuwa yanacheza. Na wewe hujui jinsi yule mzee wangu masikio yake yalivyokuwa yakicheza akila.

Nimekuandikia kukuomba radhi. Nilikuwa naogopa, na nikaufanya woga wangu kuwa sheria ya nyumba. Wewe walikufanyia hivyo, nami nikamfanyia binti yako. Hofu ya kusafiri ikipungua uje unigombeze mwenyewe, nitakupikia.

Ni mimi,
Karimi, mama yake Mwiti

(Sikuongeza utamu. Nilipunguza machozi tu. – Mwiti)


Maua
Ijumaa, 18 Septemba 2020

Mama yangu,

Nimeruhusiwa kutoka. Hali ni njema, nachoka tu nikipanda ule mlima wa kwenda sokoni. Mithika ana kilo nne na nusu, na amerudiwa na hasira zake zote. Mama Mwiti anaharakisha kumleta akilia, na akichelewa namsikia akimwambia, "Pole, mume wangu, ni miguu." Chupa aliichoma mwenyewe pamoja na takataka. Sikumwambia aichome.

Nilikuwa sijajibu barua yako kwa sababu kila nikianza naandika mstari mmoja naacha.

Nimekuwa nikikufikiria ukiwa kule wodini. Wewe wa wakati huo ulikuwa mdogo kuliko mimi wa leo. Mimi nilikuwa na Mwiti mlangoni, na simu ya Sharifa, na wewe kwenye karatasi. Wewe ulikuwa na kitambaa. Nilikaa siku kumi na nne nyuma ya ukuta nikadhani nitapasuka. Wewe ulikaa miezi mitano, ukarudi, nikakukataa.

Mama, mimi sikumbuki kukukataa. Ninachokumbuka ni mgongo wako nikiwa na surua, ulivyonibeba hadi zahanati huku umeshika madaftari ya kusahihisha. Nilikuwa na miaka saba, miguu yangu ilikuwa karibu kugusa chini. Sina kumbukumbu nyingine kabla ya hiyo. Kwangu mimi umeanzia hapo.

Sasa fungua kabati, ufunge lile begi. Bundi anasema kiti cha mbele ni chako peke yako, na dirisha ataliacha wazi.

Wamuyu wako


Kanja
Jumanne, 20 Oktoba 2020

Mwanangu Wamuyu,

Nimefika salama. Kuku wangu wapo wote, Njuki aliwalinda kama askari. Mgongo unauma kwa sababu ya kukaa kwenye gari, na mikono kwa sababu ya kumbeba yule mtu mzito wenu kwa wiki mbili. Mwambie Mama Mwiti kwamba nilishindwa kumgombeza, ingawa kuhusu chumvi sasa naona marehemu alikuwa na haki.

Kuna jambo nilitaka kulisema nikiwa huko nikakosa nafasi.

Ile Alhamisi alipokuja Kanana, msichana wa yule muuza nyama, na mtoto wake wa siku nane. Niliketi pale dirishani natoa njahi mawe. Nikamwona anavyokunja uso mtoto akishika titi. Nikakuona umepiga magoti mbele yake, umegeuza tumbo la mtoto, umengoja miayo, kidevu kikatangulia. Nikaona mabega ya yule msichana yakishuka. Alikuuliza kitu. Sikukisikia, lakini nilijua ni nini, kwa sababu ulinielekeza mimi kwa kidevu chako.

Akainuka, akaja na mtoto wake, akaniwekea mapajani, akaketi karibu nami akifungua tena vifungo vya gauni, anasubiri nimwonyeshe upande wa pili.

Nilitaka kumwambia kwamba umekosea, kwamba mimi ni mtu wa kutazama tu. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Lakini mtoto alikuwa ameanza kutafuta, kinywa wazi, na nilipotazama chini mikono yangu ilikuwa imeshamgeuza.

Mama yako,
Marigu